Jibu moja, makosa mawili: kisa cha kutoa kwa kukopa katika darasa la tatu

Usuli

Darasa lenyewe ni la tatu, wanafunzi wanazidi hamsini, na madawati yamebanana kiasi kwamba mwalimu akitaka kufika safu ya nyuma hana budi kupita ubavu. Mwalimu wa Hisabati, ambaye hapa nitamwita Mwalimu Z, amefundisha madarasa ya chini kwa miaka kadhaa. Maandalio yake ya somo huwa kamili, madaftari hayalali bila kusahihishwa, na darasa lake lina utulivu ambao wenzake humwonea wivu. Nayataja haya mapema kwa sababu kisa hiki hakimhusu mwalimu mzembe. Semina nyingi huendeshwa kana kwamba tatizo la darasa ni uvivu wa anayefundisha, ndiyo maana mwalimu kama huyu hutoka humo akiwa amepiga miayo tu.

Mimi nilihusika kama mwalimu wa taaluma wa shule hiyo. Majina ya watoto yaliyomo si yao, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu au shule kimeondolewa. Hesabu zimeachwa kama zilivyokuwa, maana bila hizo kisa hakieleweki.

Mada ilikuwa kutoa namba za tarakimu mbili kwa kukopa. Kutoa bila kukopa watoto walikuwa wamekumudu. Azimio la kazi lilitenga wiki moja kwa kukopa. Wiki ikapita, mada ikarudiwa, na madaftari yakaendelea kujaa wino mwekundu. Hapo ndipo Mwalimu Z aliponiomba niingie darasani nisikilize.

Kipindi chenyewe

"Mbili toa saba, inawezekana?"

"Haiwezekani!"

"Tunafanyaje?"

"Tunakopa!"

"Tunakopa kwa nani?"

"Kwa jirani!"

Kila jibu lilitoka kwa kishindo. Mwalimu akauliza kama wameelewa, wakasema ndiyo, akawapa maswali matano ya kufanya kwenye daftari.

Nilikaa nyuma kabisa, na kutoka pale uitikiaji ule ulikuwa na sura nyingine. Msichana aliyekaa mbele yangu alikuwa anangoja silabi za kwanza zitoke kwa wenzake, kisha analidaka neno na kulimalizia nao: "...wezekani", "...kopa", "...rani". Hakuwa amelala. Alikuwa ameumudu mchezo wa kuitikia, tena kwa ustadi. Waliokuwa wakijibu maswali ni watoto watano au sita wa safu za mbele. Waliobaki walikuwa kwaya.

Madaftari yakakusanywa. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamekosa, na kwa 52 − 27 jibu lililotawala lilikuwa 35. Mwalimu Z aliisoma hali ile kama wengi wetu tungeisoma: hawajui kukopa, basi kesho turudie kukopa, polepole zaidi, kwa mifano mingi zaidi. Maelezo yawe yale yale, ila yasemwe kwa sauti kubwa.

Watoto wawili waliopata 35

Kabla ya kurudia chochote, tuliwaita watoto wawili pembeni wakati wa mapumziko, wote wakiwa wameandika 35, tukawaomba wafanye tena 52 − 27 huku wakisema kwa sauti kila wanachofanya. Hatukuwasahihisha wala kuwaongoza.

Wa kwanza, nitamwita Asha, alisema: "Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu." Akaandika 35.

Wa pili, nitamwita Juma: "Mbili toa saba haiwezekani. Nakopa, inakuwa kumi na mbili. Kumi na mbili toa saba, tano. Tano toa mbili, tatu." Akaandika 35.

Asha hakukopa kabisa. Kwake kutoa ni kuangalia tarakimu mbili zilizosimama pamoja na kuondoa ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Juma amejua karibu kila kitu: amegundua kwamba mamoja hayatoshi, amekopa, ametoa sawasawa. Amesahau kitu kimoja tu, kwamba yale makumi matano sasa yamebaki manne. Watoto hawa wako mbali sana mmoja na mwenzake, lakini madaftari yao yalikuwa na jibu lile lile na alama ya kosa ile ile.

Kwa nini majibu yalilingana? Ni kwa sababu ya namba zilizochaguliwa. Kati ya 7 na 2 kuna tofauti ya 5. Anayegeuza hupata 7 − 2 = 5; anayekopa hupata 12 − 7 = 5. Tofauti ya mamoja ikiwa 5, njia hizo mbili hukutana mahali pamoja. Tulipoangalia ubaoni, 61 − 16 na 83 − 38 nazo zilikuwa na tabia hiyo hiyo: zote mbili jibu sahihi ni 45, na wote wawili, Asha na Juma, wangeandika 55. Hakuna aliyekusudia. Mwalimu hutunga maswali ya ubaoni papo kwa papo huku akiangalia saa.

Uamuzi wa kwanza: kutorudia somo kwanza

Tulikubaliana kwamba kipindi kinachofuata hakitakuwa cha kufundisha. Watoto wangepewa maswali matano kwenye kipande cha karatasi, kila mmoja peke yake, bila muda wa kukimbizana nao na bila alama. Maswali yalichaguliwa ili kila kosa litoe jibu lake:

- 68 − 25. Halihitaji kukopa, jibu ni 43.
- 41 − 19. Jibu ni 22. Anayegeuza ataandika 38. Anayesahau kupunguza makumi ataandika 32.
- 80 − 34. Jibu ni 46. Anayegeuza, 54, anayesahau kupunguza, 56, na yupo anayesema sifuri haina kitu kwa hiyo jibu lake ni sifuri, huyo ataandika 50.
- 73 − 9. Jibu ni 64. Anayegeuza, 76, anayesahau kupunguza, 74, anayepanga 9 chini ya 7 na kugeuza, 23.
- 62 − 58. Jibu ni 4. Anayegeuza, 16, anayesahau kupunguza, 14.

Suala la kutoweka alama lilizua ubishi. Mwalimu Z aliona kwamba karatasi isiyo na tiki wala kosa haiheshimiwi na mtoto, na mzazi akiiona atasema mwalimu hasahihishi. Hoja yake ina uzito. Tulielewana kwamba karatasi hizi zibaki kwa mwalimu na watoto waambiwe wazi kwamba ni za mwalimu kujipima yeye. Walifurahi kupita kiasi kusikia hivyo.

Karatasi zilipangwa juu ya meza kwa mafungu kufuatana na kosa, bila kujali nani amepata ngapi. Fungu la wanaogeuza ndilo lililokuwa nene kuliko yote. La wanaosahau kupunguza lilifuata. Yakaja mafungu membamba ya sifuri na ya mpangilio, na karatasi chache zisizo na mwelekeo wowote. Kilichomshangaza Mwalimu Z ni kwamba mafungu yalipangika. Alitarajia kukuta fujo. Akakuta mtoto aliyeandika 38 akiandika pia 54, 76 na 16, bila kukosea hata mara moja katika kukosea kwake. Jambo hili lina historia. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton wa Marekani walichapisha uchunguzi wa makosa ya watoto katika kutoa, wakatengeneza na programu ya kompyuta ya kuyaigiza, na hoja yao ilikuwa hiyo: mengi ya makosa haya ni kanuni mbovu inayofuatwa kwa uaminifu.

Fungu la waliopata yote nalo lilikuwa na jambo. Baadhi ya karatasi hizo pembeni zilikuwa na vistari vidogo vingi: mtoto amechora vistari 41, amekata 19, amehesabu vilivyobaki. Jibu ni sahihi, na thamani ya nafasi, yaani makumi na mamoja, haijaguswa hata kidogo. Kwa usahihishaji wa kawaida watoto hawa wangevuka mada wakiwa na tiki zao zote, waje wakwame kwenye mamia.

Uamuzi wa pili: vikundi kwa kosa

Darasa lilikuwa limezoea kukaa kwa kufuata nafasi ya mtihani, wenye akili upande mmoja na "mkia" upande wa dirisha, na watoto wanayajua hayo kuliko sisi. Vikundi vipya vilipangwa kwa kosa. Vilichanganya watoto kutoka pande zote, maana hata wenye nafasi za juu walikuwemo kwenye fungu la kugeuza. Havikupewa majina. Mwalimu aliita watoto kwa majina yao tu: "Hawa njooni mbele na penseli."

Utaratibu wa kipindi ulikuwa mwepesi. Darasa zima lilianza pamoja kwa dakika chache, kisha watoto wengi wakafanya kazi ya kimya wanayoiweza, na Mwalimu Z akakaa na kikundi kimoja mbele kwa dakika kumi hivi, wakibadilishana. Kazi ya kimya lazima iwe ile mtoto anayoweza kuifanya bila msaada. Siku ambayo kazi hiyo ilikuwa ngumu kidogo, mikono ilinyanyuliwa kila kona na kikundi cha mbele hakikufundishwa lolote.

Wanaogeuza walipewa vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa uzi. Wanaosahau kupunguza hawakupewa vijiti, na hapa tulibishana kidogo pia, kwa sababu Mwalimu Z aliona zana ni nzuri kwa kila mtu. Hoja iliyoshinda ni kwamba Juma tayari anajua kinachotokea, amekosa mazoea ya kukiandika. Kwake iliwekwa kanuni moja: kabla hujagusa mamoja, kata tarakimu ya makumi na uandike mpya juu yake. Halafu ahakiki kwa kujumlisha. Kama ameandika 32 kwa 41 − 19, ajumlishe 32 na 19. Akipata 51 badala ya 41, ajue kuna kumi moja ambalo hakuliondoa.

Uamuzi wa tatu: kuachana na kwaya kwa muda

Badala ya kuitikia, kila mtoto alikuwa na karatasi ngumu ya kuandikia jibu na kuinua juu mwalimu anaposema "onesha". Swali likishaulizwa, mwalimu anyamaze kwanza. Mary Budd Rowe, aliyefanya utafiti wake nchini Marekani miaka ya 1970, alionesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba kuifikisha kuwa sekunde 3 au zaidi huwafanya watoto watoe majibu marefu zaidi na wengi zaidi wajaribu.

Sekunde tatu ukizisoma ni kidogo, ila mbele ya watoto hamsini ni ndefu mno. Mwalimu Z alisema ukimya ule ulimfanya ajione amepoteza darasa. Alipata dawa yake mwenyewe: alihesabu kwa kukunja vidole mgongoni. Nikiwa ubavuni niliona kidole cha tatu kikikunjwa, kisha ndipo anaposema "onesha".

Yaliyotokea mbele ya vijiti

Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Kwa 41 − 19, Mwalimu Z aliwaambia watoto wapange vijiti 41 juu na vijiti 19 chini, kama hesabu inavyoandikwa ubaoni. Asha akaangalia kijiti kimoja cha juu na tisa vya chini, akachukua kimoja kutoka kwa vile tisa, akabaki na vinane. Makumi nayo akafanya vivyo hivyo. Jibu: 38. Zana ilikuwa imethibitisha kosa lake, na safari hii kwa ushahidi wa kushikika.

Kurekebisha hakukuhitaji zana nyingine. Mezani huwekwa namba ya juu peke yake. Namba ya chini hubaki kwenye karatasi kama maagizo: "Nipe kumi na tisa." Asha akiwa na mafungu manne na kijiti kimoja, akaombwa atoe vijiti tisa mkononi mwa mwalimu. Akatoa kimoja. Akaangalia mafungu. Akamwangalia mwalimu, ambaye alikuwa amenyoosha mkono bila kusema neno. Muda ukapita mrefu kidogo, kisha akafungua uzi wa fungu moja kwa meno, akahesabu vinane vingine akakabidhi. Fungu moja nalo akalikabidhi. Mbele yake palibaki mafungu mawili na vijiti viwili.

Ukiulizwa mtoto alijifunza kukopa wakati gani, ningesema ni pale alipofungua ule uzi bila kuambiwa. Lakini siku hiyo hiyo alipopewa 53 − 26 kwenye daftari, aliandika 33. Vijiti vilikuwa dunia moja na penseli dunia nyingine, na hakuna aliyemjengea njia kati yake. Hili ndilo linalowafanya walimu wengi waseme zana zinapoteza muda: watoto wanacheza, wanafurahi, wanarudi kwenye daftari kama walivyotoka.

Ukaongezwa utaratibu wa wawili wawili. Mmoja anashika vijiti, mwenzake anashika penseli, na penseli hairuhusiwi kutangulia mikono. Uzi ukifunguliwa, penseli inakata 4 na kuandika 3 juu yake. Vijiti kumi vikiungana na kimoja kilichokuwepo, penseli inaandika 11. Vikitoka tisa, inaandikwa 2. Kisha wanabadilishana. Baada ya hapo vijiti vikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na michoro, mstari kwa kila kumi na nukta kwa kila moja, na mwishowe namba peke yake. Mpangilio huu wa vitendo, picha, kisha alama ni wa mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner tangu miaka ya 1960, na vyuo vya ualimu huutaja mara kwa mara. Kinachosahaulika ni kwamba hatua hizo lazima ziingiliane kwa muda, mtoto afanye mbili kwa pamoja kabla ya kuiacha ya kwanza.

Waliokuwa wakichora vistari walipewa namba kubwa zaidi, mia na kitu. Mmoja alichora kwa ushupavu hadi akageuza ukurasa, kisha akaomba vijiti vilivyofungwa. Wengine walihitaji kuambiwa.

Matokeo

Wanaosahau kupunguza walikaa sawa ndani ya siku chache. Wanaogeuza walichukua wiki kadhaa, na wengi wao kwenye maswali mapya yenye namba tofauti walikopa na kupunguza kama inavyotakiwa. Asha alikuwa mmojawapo, ingawa kwenye namba zenye sifuri bado alikuwa akisita.

Hayo ndiyo mazuri. Kisha yakaja mawili ambayo hatukuyatarajia.

La kwanza ni 68 − 25 kuanza kupata jibu 313. Watoto ambao wiki zilizopita walilifanya swali hili bila shida sasa walikuwa wanakopa hata pasipohitajika: 18 toa 5 ni 13, 5 toa 2 ni 3, wanaandika 313. Wameshinda wiki nzima kwenye maswali ya kukopa matupu, wakahitimisha kwamba kutoa ni kukopa.

La pili lilionekana darasa lilipoingia mamia. Kwa 304 − 128, ambayo ni 176, lilizagaa jibu 186. Mtoto anakopa kutoka 3, sifuri inageuka kuwa 10, mamoja yanakuwa 14, lakini ile 10 haibaki 9. Ni kosa la Juma limehamia chumba kingine, na Juma mwenyewe alikuwemo.

Kulikuwa pia na watoto wachache ambao hawakusogea. Tulipokaa nao mmoja mmoja ilibainika kwamba 13 − 8 ilikuwa inawashinda yenyewe. Walihesabu vidole, wakapoteza hesabu, wakaanza upya. Kwao kukopa kulikuwa hatua ya mbali mno. Hawa walitakiwa kutolewa kwenye mada hii tangu mwanzo na kupewa mazoezi ya kutoa ndani ya 20, na mtihani wetu wa maswali matano haukuwa na swali la kuwabaini.

Gharama ya yote haya ni muda. Mada ya vipimo ilisukumwa mbele, na Mwalimu Z alilazimika kuieleza sababu pale madaftari yalipokaguliwa.

Uchambuzi

Katika yote yaliyofanyika, kilichozaa zaidi ni kitu kidogo kuliko vyote: uchaguzi wa namba. Vijiti, vikundi na karatasi za kuinua vyote vinataka maandalizi na nidhamu ya darasa. Kubadili 52 − 27 kuwa 41 − 19 hakugharimu chochote. Kanuni ni kwamba kwa swali la kupima, tofauti kati ya mamoja ya chini na ya juu isiwe 5, na liwemo angalau swali moja lisilohitaji kukopa na moja lenye sifuri juu. Swali la mazoezi laweza kuwa na namba yoyote. Swali la kupima lina kazi nyingine.

Kusikiliza watoto wawili wakifanya hesabu kwa sauti kulichukua muda mfupi wa mapumziko na kuokoa wiki ya kurudia somo lisilohusika. Kwa darasa kubwa huwezi kuwasikiliza wote. Wawili au watatu wenye jibu moja la kosa wanatosha kukuonesha kama liko kosa moja au zaidi.

Karatasi za kuinua zilisaidia, ila si kwa kiwango ambacho mbinu hii husifiwa. Watoto walijifunza haraka kuchungulia kwa jirani, na ukiangalia karatasi hamsini kwa mkupuo huoni zaidi ya rangi ya jumla. Zilifaa pale mwalimu alipojua mapema anatafuta nini: "Naangalia nani ameandika 38." Bila hilo ni kwaya ile ile, sasa imehamia kwenye karatasi. Wala kuitikia kwa pamoja si dhambi. Kwa kukariri jedwali la kuzidisha au kuanza kipindi kwa uchangamfu ni njia nzuri, mradi tu mwalimu asiitumie kupima uelewa.

Kupanga vikundi kwa kosa kulipunguza aibu, hilo lilionekana. Lakini vikundi vilikaa muda mrefu mno. Juma alikuwa ameshaelewa mapema na bado alikuwa anaitwa mbele na kikundi chake, akaanza kuchoka na kusumbua wenzake. Kikundi cha namna hii kinatakiwa kuvunjwa mara mtoto anapopata sawa maswali mawili matatu mfululizo, hata kama ni katikati ya wiki. Waliomaliza mapema walipofanywa wasaidizi, walifanya kile ambacho mtoto yeyote hufanya: walinong'ona majibu. Walipoambiwa kazi yao ni kuuliza tu "umekata makumi?" na si kingine, walifaa.

Lile la 313 ni kosa la ufundishaji kuliko la watoto. Mazoezi ya aina moja kwa siku nyingi huonekana yanafanya kazi, kwa sababu mtoto anapata sawa, lakini haamui lolote. Hatua ya kwanza ameshachaguliwa na kichwa cha mada kilichoandikwa ubaoni. Marekebisho yalikuwa kuchanganya maswali na kumtaka mtoto aandike K pembeni ya yale yanayohitaji kukopa kabla hajaanza kukokotoa hata moja. Katika baadhi ya vipindi watoto waliandika K tu, hawakukokotoa kabisa. Mwalimu Z alivipenda vipindi hivyo kwa sababu vinasahihishika kwa kutembea kati ya madawati.

Kwa 186, vijiti vilirudi, safari hii na mafungu kumi yaliyofungwa pamoja kuwa mia. Mtoto akitaka vijiti na hana kumi hata moja, lazima afungue mia apate makumi kumi, kisha afungue kumi moja katika hayo. Mkononi yanabaki makumi tisa, na penseli inaandika 9.

Je, mwalimu afanye hivi kwa kila mada? Haiwezekani, na anayemwambia afanye hivyo hajawahi kusahihisha madaftari hamsini kwa masomo matano. Kupanga karatasi kwa mafungu kunafaa mara moja kwa mada nzito, zile zinazobeba mada nyingine mgongoni. Kwa mazoezi ya kila siku, madaftari kumi kutoka safu tofauti yanatosha kuonesha upepo unavuma wapi.

Mwalimu Z sasa ameongeza safu moja kwenye andalio lake la somo: kando ya kila swali la kupima anaandika majibu ya kosa anayoyatarajia. Kwa kujumlisha ana 47 + 38, ambapo jibu ni 85, asiyebeba kabisa huandika 715, na anayeitupa ile moja huandika 75. Kwa kuzidisha ana 23 × 4: jibu ni 92, na anasubiri 812 kwa anayeandika kila kitu kilivyo, 82 kwa anayesahau kujumlisha alichobeba, na 122 kwa anayekijumlisha kabla ya kuzidisha. Kwa kugawanya ana swali moja tu hadi sasa, 618 ÷ 6, la kuwabaini wanaoruka sifuri na kuandika 13 badala ya 103. Mengine bado anayakusanya kutoka kwenye madaftari.